Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya na mawasiliano: tangulieni ninyi kuandika

Waheshimiwa,

Yah: Ujumbe mfupi wa simu kwa vijana walionusurika kujiua

Ninawaandikia nikiwa mmoja wa watu wanaojitolea kujibu meseji za vijana wanaofikiria kujiua. Tunafanya kazi kwa zamu, nyingi zikiwa za usiku. Mimi si daktari. Nilifunzwa kusikiliza kwa maandishi, nina msimamizi mwenye taaluma ninayeweza kumwita wakati wowote mazungumzo yakiwa mazito, na ninachokuja kuwaomba hakihitaji jengo jipya wala mtambo wa gharama. Nawaomba mtangulie kuandika. Kijana aliyeruhusiwa kutoka hospitali baada ya kujaribu kujiua apate meseji kutoka kwa watu waliomhudumia, kabla yeye hajapata nguvu ya kututafuta, na aendelee kuipata kwa mwaka mzima.

Ukubwa wa tatizo mnaujua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua. Kwa takwimu zake za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Karibu robo tatu ya vifo vyote vya namna hii hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako daktari wa magonjwa ya akili hutafutwa kwa tochi lakini simu ya mkononi imo mfukoni mwa kijana hata pale ambapo hana kingine.

Kwa nini meseji, wakati kuna namba za kupiga? Kwa sababu kijana anayelala chumba kimoja na wadogo zake hawezi kusema kwa sauti, saa nane za usiku, kwamba anataka kufa. Anayeishi na mtu anayempiga hawezi kuongea na simu sikioni. Wapo ambao sauti hukatika kwa kilio, na wapo wanaoona haya kusikia maneno hayo yakitoka vinywani mwao. Kwenye meseji mtu huandika, akafuta, akaandika tena, na asiyetaka kusikika hasikiki. SMS ya kawaida haihitaji intaneti wala simu ya kisasa, na hupenya hata pale mtandao unaposuasua.

Acheni niwaonyeshe inavyokuwa, bila kugusa siri ya mtu yeyote. Wengi huanza kwa kuomba radhi. "Samahani kwa usumbufu." Au huuliza tu, "Kuna mtu?" Ukijibu "Nipo, karibu," zinapita dakika hakuna kitu, halafu zinaingia meseji tatu kwa mpigo, ndefu, zisizo na nukta, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi. Humo utakuta deni, mtihani, mimba, aliyeachwa, aliyefukuzwa nyumbani, na mara nyingi uchovu ambao mwenyewe hajui umeanzia wapi. Tunasoma yote. Kisha tunauliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Najua swali hili huwatisha watu, hata baadhi ya waliosomea tiba, wakidhani litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti zilizolichunguza jambo hilo hazikukuta madhara hayo. Tunachokiona sisi ni kwamba jibu hurudi haraka na huwa fupi, "Ndiyo," na baada yake mazungumzo hutulia. Kumbe alikuwa akingoja mtu alitaje. Tunauliza kama ana mpango, kama alichokusudia kukitumia kipo karibu naye, nani yuko ndani ya nyumba anayeweza kuamshwa. Tunatafuta naye namna ya kufika asubuhi.

Huduma hiyo naiheshimu na nitaendelea nayo. Ila ina pengo ambalo haiwezi kuliziba yenyewe: humfikia anayeandika tu. Asiye na nguvu ya kuandika hatumjui.

Na aliye hatarini kuliko wengi tayari mnamjua ninyi. Jina lake limo kwenye daftari la wodi na namba yake ya simu imo kwenye faili. Kuwahi kujaribu kujiua ni miongoni mwa dalili kubwa kabisa kwamba mtu anaweza kufa kwa njia hiyo baadaye, na kwa waliolazwa kwa matatizo ya akili, miezi mitatu ya mwanzo baada ya kuruhusiwa ndiyo yenye hatari kubwa kuliko muda mwingine wowote. Fikirini sasa tunavyomuaga kijana huyo. Anapewa dawa na kikaratasi cha tarehe ya kliniki, anapita getini, na kuanzia hapo hakuna mtu wa hospitali atakayejua kama alifika kwake. Siku ya kliniki asipotokea, faili lake linarudishwa kabatini.

Dawa ya ukimya huo ilijaribiwa zamani, kabla simu za mkononi hazijakuwapo. Mwaka 1969, San Francisco, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Jerome Motto alianza kuwafuatilia watu 3,005 waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa kutaka kujiua. Kati yao, 843 walikataa kuendelea na matibabu baada ya kuruhusiwa, au waliyaacha. Hao ndio aliowagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja halikutafutwa. Kundi la pili likawa linaandikiwa barua fupi: kila mwezi kwa miezi minne, kisha kila baada ya miezi miwili kwa miezi minane, kisha kila baada ya miezi mitatu kwa miaka minne. Barua 24 kwa miaka mitano.

Barua hizo hazikuuliza dalili za ugonjwa wala kukumbusha miadi. Zilisema kwa maneno machache kwamba siku zimepita tangu ulipokuwa nasi, tunatumaini mambo yako ni mazuri, na ukipenda kutuandikia tutafurahi kupata habari zako. Ziliandikwa moja moja, si nakala, na aliyetia saini alikuwa mtu ambaye mgonjwa alishawahi kukaa naye na kuongea. Aliyejibu alijibiwa. Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 2001: walioandikiwa walijiua kwa kiwango cha chini kuliko walioachwa, na tofauti ilikuwa dhahiri hasa katika miaka miwili ya kwanza. Nasisitiza kwamba hawa walikuwa watu waliokataa matibabu, wale ambao hospitali nyingi huwaandika "ameacha kliniki" na kufunga ukurasa. Motto alieleza kwamba wazo lilimjia kutokana na barua alizokuwa akizipata akiwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia, kutoka kwa msichana aliyefahamiana naye kidogo tu. Alijua mwenyewe ilivyo kukumbukwa na mtu asiyekudai kitu.

Ushahidi wa baadaye hauko sawa kila mahali, na sitawaficha. Huko Newcastle, Australia, watu waliotibiwa hospitalini baada ya kujidhuru walitumiwa kadi nane ndani ya mwaka mmoja. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba idadi ya watu waliorudia haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa, lakini mara walizorudia zilikuwa karibu nusu ya za wenzao. Shirika la Afya Duniani liliendesha jaribio kubwa zaidi katika vituo vya Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, likiwa na watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya jaribio la kujiua. Kundi moja lilipewa matibabu ya kawaida. Kundi la pili liliongezewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kuondoka, kisha likafuatiliwa mara tisa kwa simu au kwa kutembelewa. Baada ya miezi 18, waliojiua katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 2.2, na katika kundi la pili asilimia 0.2.

Kisha zikaja meseji zenyewe. Nchini Marekani zilijaribiwa kwa wanajeshi 658 waliokuwa na mawazo ya kujiua, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Nusu yao walitumiwa meseji 11 kwa mwaka pamoja na huduma ya kawaida, moja ikiwa ya siku ya kuzaliwa. Katika vipimo viwili vikuu vya utafiti huo hapakuwa na tofauti. Lakini waliojaribu kujiua ndani ya mwaka huo walikuwa asilimia 9 ya waliotumiwa meseji, na asilimia 15 ya wasiotumiwa. Anayewaambia kwamba meseji peke yake inatibu anawadanganya. Ninachosema ni kwamba kumwandikia mtu mara 11 kwa mwaka ni kazi ndogo mno kuiacha, ukiweka mbele yako asilimia hizo mbili.

Sasa, namna ya kuandika. Hapa ndipo naogopa zaidi, maana nimeshaona mipango mizuri ikiharibiwa na maneno. Meseji ya hospitali kwa kawaida huja na jina la taasisi kwa herufi kubwa, inaamuru, na inaishia na "Usijibu ujumbe huu." Mkimtumia hiyo kijana aliyenusurika, mmemthibitishia kile alichokuwa akikiamini, kwamba hakuna anayetaka kumsikia. Meseji ninayoiombea iko hivi:

"Habari za siku nyingi? Ni muuguzi uliyeongea naye siku ulipoondoka. Nimekukumbuka leo. Si lazima ujibu, ila ukiandika nitasoma."

Inaenea ndani ya herufi 160 za SMS moja, na nafasi inabaki. Haina ushauri wa kula vizuri, kufanya mazoezi au kumshukuru Mungu kwa uhai. Haimuulizi kama bado ana mawazo yale. Ya kwanza iende siku moja baada ya kuondoka, nyingine baada ya wiki, kisha mara moja kwa mwezi, na baada ya mwezi wa nne zinaweza kupungua. Zisifanane. Mtu akipata maneno yaleyale mara mbili anajua ameandikiwa na kompyuta. Na siku ya kuzaliwa isisahauliwe, kwa sababu tarehe imo kwenye faili na kwa vijana wengi ninaoongea nao siku hiyo ni ngumu.

Kabla ya yote, aulizwe. Siku ya kuondoka, muuguzi akae naye dakika chache: unaridhia tukuandikie? Nani mwingine hushika simu yako? Tutumie jina gani, maana hata neno "muuguzi" likitokea juu ya kioo kilichofungwa linaweza kumfichulia mume, mzazi au mwenzako wa chumbani jambo ambalo hukumwambia? Saa ngapi inafaa? Vijana hubadilisha laini mara kwa mara, hivyo iombwe na namba ya pili ya mtu anayemwamini, kwa ridhaa yake. Na akisema acheni, ziachwe siku hiyohiyo.

Kisha kuna jibu, na jibu litakuja. Baadhi watajibu "asante" tu. Mmoja atajibu Jumapili usiku kwamba amerudi palepale. Mpango usiokuwa na mtu wa kuipokea meseji hiyo ni bora usianze. Kama wodi haina mtu usiku, ihamishiwe kwetu tulio zamu, kwa utaratibu ulioandikwa na kujaribiwa, na kijana aambiwe tangu mwanzo ni muda gani atasubiri. Akiwa katika hatari ya papo hapo, awepo mtu wa kumfuata. Mimi na wenzangu tunaweza kukaa na mtu kwenye meseji kwa saa nyingi, lakini hatuwezi kugonga mlango wake.

Kuna jambo lingine la kuangalia mapema, maana litaletwa kwenu na wauzaji: programu zinazojibu zenyewe. Zitumike kupanga foleni, ili meseji yenye dalili za hatari isomwe kabla ya nyingine. Hilo linafanyika tayari na linaokoa muda. Zisiachiwe kumjibu mtu anayetaka kufa. Aliyeandika "Kuna mtu?" ana haki ya kupata mtu.

Kwa wakuu wa mawasiliano na kampuni za simu nina maneno machache kwa sababu jambo lenyewe ni jepesi. Namba iwe moja, fupi, ileile kwenye mitandao yote, ya bure, na ifanye kazi hata salio likiwa sifuri. Isionekane kwenye orodha ya matumizi inayosomwa na mwenye kulipia laini. Marekani ilikuwa na namba ya tarakimu kumi kwa miaka mingi. Julai 2022 ikaanza kutumia 988, kwa kupiga na kwa kuandika vilevile, na mwaka mmoja baadaye ikaongeza meseji za Kihispania. Lugha ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu huandika maumivu yake kwa lugha anayoongea na rafiki zake, pamoja na misimu yake na vifupisho vyake, na anayejibu lazima aielewe lugha hiyo.

Siri nayo. Januari 2022 ilifahamika kwamba Crisis Text Line, huduma kubwa ya meseji iliyoanzishwa Marekani mwaka 2013, ilikuwa ikiipa kampuni ya kibiashara data zitokanazo na mazungumzo ya watu walioomba msaada. Majina yalikuwa yameondolewa, na huduma hiyo ilisitisha mpango huo siku chache baada ya watu kulalamika. Nayataja haya kwa uchungu, kwani ni watu waliofanya kazi kubwa. Ila kijana aliyeandika usiku ule kwamba hataki kuishi hakuwa akizalisha bidhaa. Wekeni sheria mapema: nani anasoma, mazungumzo yanahifadhiwa muda gani, yanafutwaje, na kwamba hayauzwi wala hayagawiwi kwa biashara kwa namna yoyote, hata bila majina.

Na siri haina maana pale ambapo kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai. Kijana anayehofia kwamba namba hii itamletea polisi hataandika, na daktari anayeogopa kumponza mgonjwa ataandika "ajali" kwenye faili. Hapo hata orodha ya kumtumia meseji hamtakuwa nayo. Pakistan ilifuta kosa hilo mwaka 2022, Ghana na Malaysia mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Ambako sheria ya aina hiyo ipo, ifutwe. Mgonjwa hatibiwi kwa hati ya mashtaka.

Kama barua hii inasomwa na kijana ambaye jambo hili ni lake, naomba nitoke kidogo kwa viongozi niongee nawe. Mwandikie mtu mmoja leo, ndugu, rafiki, mwalimu, au huduma ya msaada iliyo karibu nawe. Si lazima upange maneno. "Siko sawa, nahitaji mtu" inatosha. Kama hatari ni ya sasa hivi, usikae peke yako: toka uende alipo mtu, au nenda hospitali iliyo karibu. Hutusumbui. Tulikaa macho kwa ajili yako.

Narudi kwenu, waheshimiwa. Wizara ya afya iwaagize wakurugenzi wa hospitali kwamba kumwandikia aliyenusurika ni sehemu ya matibabu, ihesabiwe kwenye ratiba ya kazi na kwenye bajeti, isiachwe kuwa hisani ya muuguzi mwenye huruma anayetumia salio lake. Muuguzi huyo yupo, nimeshaongea na wa namna yake, anaandikia wagonjwa wake jioni kutoka kwenye simu yake mwenyewe na hajui kama anavunja kanuni. Mpeni laini ya kazi, muda na msimamizi. Wanaojibu usiku walindwe pia: zamu zisizidi uwezo wa binadamu, na mtu wa kuongea naye baada ya mazungumzo yaliyoisha vibaya au yaliyokatika katikati bila sisi kujua kilichofuata.

Hakuna ulazima wa kuanza na nchi nzima. Wodi moja inatosha kuanzia, kwa mwaka mmoja, mkiwahesabu wote walioridhia, walioandikiwa, waliojibu, waliorudi hospitali na waliofariki, na hesabu hiyo itolewe hadharani hata kama si ya kupendeza. Sisi tunaojitolea tuko tayari kukaa na wauguzi wa wodi itakayokubali, tuandike nao meseji za mwanzo, na tupokee majibu yatakayoingia baada ya wao kwenda kulala. Tuambieni ni wodi ipi.

Wenu,
Mjibu meseji wa kujitolea, zamu ya usiku